Kabla ya kumwambia mgonjwa "usife", muulize kwanza kama ana mofini

Juni 2025 wabunge wa Uingereza walipopitisha kwa kura 314 dhidi ya 291 ule muswada wa kuruhusu wagonjwa wasiopona wasaidiwe kufa, grupu letu la WhatsApp la kanisani liliwaka mpaka usiku wa manane. Mistari ikamwagika, siku za mwisho, Sodoma na Gomora, wazungu wamemwacha Mungu, mzee mmoja wa kanisa akatuma voisi ndefu kama mahubiri ya Pasaka. Na jibu lao ni jibu langu pia, nalisema mapema asije mtu akasoma nusu akaanza kuniombea: mi ni Mlutheri wa kuzaliwa na naamini kumuua mgonjwa, hata kwa kumwonea huruma, ni kuua. Kilichonikera ni kingine. Katika meseji zote zile hakuna hata mmoja aliyeuliza hao wagonjwa wanaumwaje, usiku wanalalaje, nani anawageuza kitandani. Hapana yetu sisi ni ya bei rahisi sana, unaitype umekaa kwenye kochi, unabonyeza send, unaenda kula.

Kwetu kwanza hiyo ishu kisheria haina mjadala. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema kabisa kwamba aliyeharakisha kifo cha mtu ambaye ugonjwa ungemuua tu, anahesabika amesababisha kifo hicho, na anayemsaidia mwenzake kujiua anaweza kula kifungo cha maisha. Kwa hiyo hatuna muswada wa kupinga hapa. Tulichonacho ni watu wanaokufa na maumivu makali nyumbani kwao, kwenye mitaa ambayo ina makanisa manne, na wale wa makanisa manne wanakuja kuimba.

Shangazi yangu alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Iligundulika imeshasambaa, stori ambayo familia nyingi hapa nchini zinaijua bila kusimuliwa. Mionzi alipata, ikamtuliza muda fulani, akarudi hadi kwaya, halafu ugonjwa ukaibukia mgongoni na kwenye nyonga. Tukamrudisha nyumbani kwake uchagani. Maumivu ya mifupa jamani msiyasikie, alikuwa halali, anakaa ameegemea mito ukutani anahesabu saa za kumeza kidonge kingine ambacho hakifanyi kitu. Hospitali tuliyokuwa tunaenda ilitupa panado na diklofenaki, na tulipouliza kama kuna kitu cha nguvu zaidi yule daktari kijana akatuambia mofini, ile dawa kali ya maumivu, atazoea, atakuwa teja. Yaani mtu ana saratani ya mifupa, ana miezi, sisi tunaogopa asije akawa teja!

Usiku mmoja zamu ilikuwa yangu, akaniita, "Baba," (ndivyo shangazi zangu wote wanavyoniita, nina jina la babu) "hivi nikimwomba Mungu anichukue, ni dhambi?"

Nilimwambia hapana, na kesho yake nikakaa na Biblia nihakikishe sikumdanganya. Kumbe foleni ya walioomba kufa ni ndefu kweli. Musa kwenye Hesabu 11 anamwambia Mungu bora uniue tu. Yona anaomba hivyohivyo, tena kwa hasira. Ayubu sura ya 3 nzima anailaani siku aliyozaliwa, na ile sura hatuisomi kabisa misibani, tunaruka kutoka "Bwana alitoa na Bwana ametwaa" moja kwa moja mpaka mwisho anaporudishiwa ng'ombe na ngamia. Ila anayenigusa zaidi ni Eliya, 1 Wafalme 19, amelala chini ya mti jangwani anasema yatosha, ee Bwana, uiondoe roho yangu. Mungu hakumkemea, hakumwambia imani yako iko wapi. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa tena akala. Mazungumzo yalikuja baadaye, huko Horebu, mwili ukiwa umepata nguvu. Wote hao waliomba Mungu ndiye afanye, hakuna aliyemwita jirani aje na upanga.

Aliyemwita wa upanga yupo, ni Sauli. Ameshindwa vita Gilboa, na 2 Samweli 1 yule Mwamaleki anamletea Daudi taarifa kwamba mfalme alimwomba ammalizie kwa sababu uchungu umemshika, naye akamalizia, na Daudi akaamuru auawe. Kwenye grupu huo ndo ulikuwa mstari wa ushindi. Mi naona hauko safi kihivyo, maana sura moja nyuma Biblia inasema Sauli aliuangukia upanga wake mwenyewe, kwa hiyo yule jamaa huenda alidanganya akitafuta zawadi, na hoja ya Daudi ilikuwa ni masihi wa Bwana, yaani mfalme aliyetiwa mafuta, ameguswa, hakuwa anafundisha maadili ya wodi ya saratani. Kanisa limefika kwenye "usimuue mgonjwa" kwa njia ndefu zaidi ya hiyo, kwa walimu wake wa kale Augustino na Tomaso wa Akwino, kwa amri ya usiue na kwa imani kwamba uhai ni amana. Ukitaka kubishana na mtu aliyesoma usimpelekee Mwamaleki.

Nirudi kwa shangazi. Wageni walikuja wa aina mbili na sijui wepi walikuwa wanamuumiza zaidi. Kundi la kwanza wanamwambia haya mateso Bwana anakusafisha, unashiriki msalaba, vumilia mama. Kundi la pili wakaja na mafuta kwenye chupa ndogo, wanamwambia usiitaje hiyo saratani, kiri uponyaji, kifo kisitajwe humu ndani. Wa kwanza walimnyima haki ya kulalamika, wa pili wakamnyima haki ya kuaga. Alitaka kugawa vitenge vyake, alitaka kusema nani atamlea mjukuu, na kila akianza mtu anapiga "shindwa!" akanyamaza.

Kuhusu hao wa kwanza, kwamba mateso yana maana: mafundisho hayo yapo na sidharau. Paulo anayasema kwa Wakolosai, na Yohane Paulo wa Pili aliandika barua nzima juu ya maana ya mateso mwaka 1984. Kuna watu wanachagua kubaki na maumivu kiasi ili akili iwe wazi, wasali, na ni haki yao. Lakini ile hati ya Vatikano ya mwaka 1980 iliyolaani kifo laini, yaani kumuua mgonjwa kwa kumwonea huruma, hiyohiyo, inasema si busara kuufanya ushujaa huo kuwa sheria ya kila mtu. Mgonjwa akiamua kubeba, sawa. Ila wewe uliyekuja na matunda, umeshiba, mgongo hauumi, huna mamlaka ya kumbebesha. Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke kabla hajakinywa. Na Msamaria kwenye ule mfano hakumwambia yule aliyepigwa kwamba majeraha yana maana, alimwaga mafuta na divai akayafunga.

Kilichotuokoa ni binti mmoja wa ukoo, nesi, akatuambia nyie mnakaa na mgonjwa hivi wakati hospitali za KKKT, kanisa letu la Kilutheri, zina watu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiopona, wanaofuata wagonjwa nyumbani, Selian pale Arusha walianza siku nyingi na huduma imesambaa kwenye hospitali nyingine za kanisa. Tukatafuta wa karibu na kwetu. Akaja nesi na mfuko, akakaa kitandani, mtu wa kwanza katika miezi yote kumuuliza shangazi "panauma wapi, na panaumaje, panachoma au panabana?" Akaacha chupa ya mofini ya maji. Hakuna uchawi humo, ni unga wa mofini umechanganywa na maji, unapima kwa sirinji, unakunywa kila baada ya masaa manne, ya kulalia unameza dozi mbili kwa pamoja ili usiamke usiku kunywa nyingine, na lazima dawa ya kulainisha choo iende sambamba maana mofini inafunga tumbo vibaya. Unaanza na kidogo unapanda taratibu mpaka maumivu yatulie. Ukipanda hivyo kwa kufuata maumivu haimuui mgonjwa, na ile hofu ya uteja kwa mtu mwenye maumivu ya kweli ya saratani ni kubwa kuliko uhalisia.

Ile chupa ina historia yake huku kwetu. Anne Merriman, daktari Mwingereza Mkatoliki aliyewahi kuwa mtawa, ndiye aliyekuwa daktari wa kwanza kuongoza hospisi (huduma ya wagonjwa wasiopona) ya Nairobi mwaka 1990, halafu 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda pale Kampala na kueneza hiyo mofini ya kunywa, ya bei ndogo, inayoweza kutumika kijijini bila umeme wala dripu. Uganda wakaenda mbali zaidi, mwaka 2004 sheria yao ikaruhusu manesi waliosomea kuandika mofini wenyewe, maana ukisubiri daktari afike kila kijiji watu watakwisha. Na Merriman alikuwa amechota kwa Cicely Saunders, aliyeanza kama nesi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, halafu akasomea udaktari ukubwani ili tu wakubwa wamsikilize kuhusu maumivu, akafungua hospisi ya St Christopher's kusini mwa London mwaka 1967. Saunders alikuwa Mkristo wa kweli na alipinga kifo laini maisha yake yote, lakini kupinga kwake kulikuwa na vitanda, na dozi zinazotolewa kabla maumivu hayajarudi. Ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa si ya mwili tu, kuna ya moyo, ya familia, ya roho, na ya hela.

Shangazi alilala. Usiku mzima, amejinyoosha, tukawa tunaenda kuchungulia kama anapumua. Wiki hiyo akaomba mtori, akagawa vitenge, akagombana na shemeji yake kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, tena aligombana vizuri. Lile swali la kuchukuliwa aliliuliza tena mbele ya safari lakini kwa sauti nyingine kabisa, akiwa ametulia, akasema nimemaliza, nataka kwenda, na mchungaji akamsomea Wafilipi 1, pale Paulo anasema hajui achague lipi, kuishi au kwenda kukaa na Kristo.

Sasa kuna wapendwa wataniambia mofini kwa wingi si ndo kuua polepole? Hilo swali madaktari wa usingizi walimuuliza Papa Pius wa Kumi na Mbili mwaka 1957: je, inaruhusiwa kumtuliza mgonjwa kwa dawa kali hata kama zitafupisha maisha? Akajibu ndiyo, kama hakuna njia nyingine na kama hazimzuii kutimiza wajibu wake mwingine wa kidini na kimaadili. 1957! Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema hivyohivyo, na inasema pia kuacha matibabu mazito yasiyolingana na matumaini yaliyopo si kuua, ni kukubali kwamba kifo hakizuiliki. Mi si Mkatoliki lakini kwenye hili wamefikiri kwa muda mrefu kuliko sisi wengine na haina haja ya kuwaonea wivu, tuchukue tu.

Ona alivyokufa Yohane Paulo wa Pili. Februari na Machi 2005 alikuwa hospitali ya Gemelli, akatobolewa koo apumue, akarudi Vatikano, na tarehe 31 Machi maambukizi yalipomzidi hakurudishwa hospitali tena, alibaki chumbani kwake, akafa Aprili 2. Papa aliyekipinga kifo laini kuliko wote hakufia ICU, chumba cha mahututi. Halafu sisi mzee wa miaka 88, figo zimegoma, saratani imeenea, tunauza shamba tumpeleke India kwa sababu tukimwacha watu watasema tumemuua. Kuua, kuacha apumzike, na kumtuliza maumivu ni vitu vitatu, na makanisani kwetu vimevurugwa vikawa kimoja, ndo maana familia zinaogopa chupa ya mofini na haziogopi kumchoma mzee mirija mitano.

Mtu ninayemheshimu ambaye hakukubaliana na msimamo huu ni Desmond Tutu, yule askofu wa Afrika Kusini. Julai 2014 aliandika kwamba anauheshimu utakatifu wa uhai lakini si kwa gharama yoyote ile, akakumbusha jinsi Mandela mwaka mmoja kabla, mzee amechoka hata kuongea hawezi, alivyowekwa kwenye kochi na wanasiasa wakipiga naye picha, akaita jambo lile kumvunjia Madiba heshima. Oktoba 2016, anatimiza miaka 85, akasema wazi kwamba yeye mwenyewe angetaka awe na uchaguzi wa kusaidiwa kufa. Huyu hukuwa unaweza kumwambia hamjui Mungu. Amezika watoto waliopigwa risasi, ameishi na saratani ya tezi dume tangu 1997. Hoja yake ilikuwa kwamba Mungu ametupa uwezo wa kuchagua, na huruma ya Kristo haiwezi kudai mtu abaki kwenye mateso kwa ajili ya kanuni. Julai hiyohiyo ya 2014 George Carey, aliyewahi kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, naye akabadilisha msimamo, wakati kanisa lake la Anglikana lilibaki kupinga.

Nimeisoma hoja ya Tutu mara nyingi na mahali ninapoachana naye si kwenye mstari wa Biblia, ni kwenye hela. Oregon kule Marekani wana sheria ya kusaidiwa kufa tangu 1997 na kila mwaka wanatoa ripoti ya kwa nini watu waliomba zile dawa. Zinazoongoza ni kupoteza uhuru wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yanayoleta raha ya maisha, kupoteza heshima. Hofu ya kuwa mzigo kwa familia inatajwa na wengi kuliko maumivu. Sasa hamishia hiyo huku. Bibi anayejua mjukuu ameacha shule kwa ajili ya dawa zake, anayesikia kupitia ukuta wa mabanzi watoto wake wanabishana nani alichangia na nani hajachangia. Bibi wa kiafrika atakataa kuwa mzigo? Atasaini siku ya kwanza, tena atawashukuru. Huo uchaguzi aliousema Tutu kwa askofu mstaafu mwenye bima unaweza kuwa ni uchaguzi, kwa bibi huyu ni adabu tu, hataki kuwasumbua.

Na milango ikishafunguliwa haikai pale ilipoachwa. Kanada walianza 2016 kwa wale ambao kifo chao kinaonekana kinakuja, mwaka 2021 sharti hilo likaondolewa. Ubelgiji ilifika hadi kwa watawa: mwaka 2017 bodi inayoendesha hospitali za magonjwa ya akili za Mabruda wa Upendo huko ikaruhusu kifo laini ndani ya hospitali zao, Papa Fransisko akawataka waache, wakagoma, na 2020 Vatikano ikasema hizo si hospitali za Kikatoliki tena. Shirika hilohilo ndo linaendesha hospitali ya Ndera karibu na Kigali, na lipo Kigoma pia, kwa hiyo msiniambie hizi ni habari za mbali.

Ila nisiwe mwongo, kuna wagonjwa mofini haiwamalizii shida. Kuna ugonjwa wa neva unaoua misuli mmojammoja mpaka ya kupumulia, mtu anaona kila kitu, akili iko timamu. Kuna vidonda vya saratani usoni. Hapo tiba shufaa ina hatua ya mwisho, kumlaza usingizi mzito siku zake za mwisho kama hakuna kingine kinachotuliza, na wengi katika makanisa wanaikubali. Kwangu bado ni tofauti na kumchoma sindano ya kumuua, lakini siku nikikaa na mgonjwa wa aina hiyo sidhani kama nitakuwa na ujasiri wa kumfafanulia hiyo tofauti, na sidhani kama kazi yangu hapo ni kufafanua.

Hesabu ambayo hainitoki ni hii: Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1. Nilitaka kuituma kwenye lile grupu, nikaituma. Ikapata dole gumba moja, halafu mtu akaleta tangazo la mkesha.

Nimeshamwambia mdogo wangu nikifika huko nisipelekwe ICU, shamba lisiuzwe, Meza ya Bwana niletewe mapema wakati bado naweza kumeza, na atafute mtu wa tiba shufaa kabla hajatafuta kwaya. Akaniuliza, "Sasa kaka, ukizidiwa ukaanza kutuomba tukumalize je?" Nikamwambia waongeze dozi kwanza, walale, asubuhi waniulize tena.